Tusipange Ziara za Shule kwa Kuwaacha Nyuma Wenye Ulemavu

Miongoni mwa mada za insha ambazo walimu wa Kiswahili wamezipenda tangu zamani ni ile ya ziara: andika insha kuhusu ziara ya shule uliyoifurahia. Ni mada isiyo na hila. Kila mwanafunzi hudhaniwa kuwa amewahi kupanda basi alfajiri, akaimba njiani, akaona asichowahi kukiona, kisha akarejea jioni akiwa amechoka lakini amefurahi. Kabla ya kuingia chuo kikuu kufundisha isimu, nilisahihisha insha za aina hiyo kwa mamia. Sikuwahi kujiuliza ni nani katika darasa hakuwamo ndani ya basi hilo.

Mwaka wa 2023 nililazimika kujiuliza. Shule moja ya upili katika mtaa wa Kibera ilinialika niwe mlezi wa muda wa chama chake cha Kiswahili, na chama hicho kikaandaa ziara ya siku tatu Mombasa. Katika orodha ya wasafiri niliona jina la msichana mmoja wa kidato cha pili limekatwa kwa wino mwekundu. Msichana huyo hutumia kiti cha magurudumu. Nilipouliza, mwalimu mmoja alinijibu kwa upole, bila chembe ya uovu: "Daktari, huko kuna ngazi nyingi. Tumeona asisumbuke." Nakiri hapa hadharani kwamba sikubisha. Tulikwenda, tukarudi, na Jumatatu iliyofuata darasa zima likapewa insha kuhusu safari ya Mombasa, pamoja na yeye aliyebaki.

Aliandika. Hakulalamika, wala hakubuni bahari asiyoiona. Aliandika kuhusu safari yake ya kila siku kutoka nyumbani kwao, upande wa chini wa njia ya reli, hadi lango la shule. Alihesabu mitaro: minne. Alitaja mbao zilizolazwa juu ya mitaro hiyo, upana wa kila ubao kwa shubiri, na ule mmoja ambao huchukuliwa na maji mvua kubwa inyeshapo. Alieleza mahali pa kuvukia reli, ni nani humsaidia kunyanyua magurudumu ya mbele, na ni wapi hulazimika kungoja. Nilipoisoma insha hiyo nilitambua kwamba mtoto huyu alikuwa ameandika kitu ambacho sisi, kamati nzima ya watu wazima wenye shahada, hatukukiandika popote katika mipango yetu, yaani maelezo ya njia.

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa yaelekea ni nzito kuitekeleza. Hatuwaachi nyuma wanafunzi wenye ulemavu kwa sababu maeneo ya kuzuru hayafai. Twawaacha kwa sababu hatujui kama yanafaa au hayafai, na badala ya kwenda kupima, tunakata jina. Tukibadilisha namna tunavyochagua ziara, wengi wa hao waliokatwa watarudi katika orodha bila ya serikali kujenga hata daraja moja.

Naomba msomaji aniwie radhi nikianza na sarufi, kwani ndiyo kazi yangu. Siku hizi vijitabu vya watalii na barua za waandaaji wa safari hupenda neno "panafikika". Neno hili limetokana na kitenzi "fika" katika kauli ya kutendeka. Sifa moja ya kauli hiyo ni kwamba haimkubali mtenda. Twaweza kusema "mlango umefungwa na Juma", lakini hatuwezi kusema "mlango unafungika na Juma". Vivyo hivyo, anayetuambia kuwa mahali fulani panafikika hatuambii panafikika na nani, kwa sababu sarufi yenyewe inamruhusu kunyamaza. Kwa kijana mwenye miguu miwili mizima panafikika. Kwa anayetembea kwa magongo na asiyeweza kusimama zaidi ya dakika kumi, pengine. Kwa aliye katika kiti cha magurudumu, hatujui. Watu hawa watatu wana mahitaji matatu tofauti, nasi twawafunika wote kwa neno moja.

Tutazame mifano michache ya maeneo ambayo shule zetu huyapenda. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Waalimu wengi huiona ngome hiyo kuwa ni ngazi tupu. Kwa hakika, njia ya kuingilia inapanda, na kwenda juu ya kuta ni kwa ngazi. Lakini ua wa ndani ni mpana na jumba la makumbusho limo humo humo. Mwanafunzi atakayesaidiwa kuupita mwinuko wa langoni ataweza kuona sehemu kubwa ya yale ambayo mwalimu wa historia amekusudia ayaone. Asichoweza kukifikia ni sehemu ya ziara, wala si ziara yote.

Lamu ni habari nyingine. Mji wake wa kale umo katika orodha hiyo tangu mwaka 2001, na uzuri wake ndio ugumu wake: vichochoro vyembamba, vizingiti vilivyoinuka na punda wanaopishana na watu. Zaidi ya hayo, anayetoka bara kupitia Mokowe lazima avuke kwa mashua, kisha ashuke gatini penye ngazi. Maji yakiwa yamejaa, mashua husimama juu. Yakipwa, hushuka chini na ngazi za kupanda huongezeka. Ndivyo ilivyo pia katika kivuko cha Likoni, ambapo mteremko wa kuingilia feri hubadilika kwa kujaa na kupwa. Kwa hiyo swali la kama Lamu au Likoni panafaa halina jibu mpaka useme ni saa ngapi. Mwalimu aliyepanga ziara bila kuuliza habari za maji amepanga nusu ya ziara.

Au tuchukue mji wa kale wa Gedi karibu na Watamu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Ardhi yake si ya milima, lakini njia zake ni za udongo katikati ya msitu. Ziara ya Gedi wakati wa kiangazi na ziara ya Gedi baada ya mvua za masika si ziara moja kwa mtu anayesukuma magurudumu kwa mikono yake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Katika bahari ya Karibi, ambako meli kubwa za kitalii huzunguka visiwani zikiwa na abiria wengi wazee, kila bandari huwa na orodha ya matembezi ya nchi kavu ambayo abiria huyachagua na kuyalipia. Mara nyingi matembezi hayo huwekewa alama kulingana na nguvu zinazohitajika: mepesi, ya wastani, magumu. Hata hivyo msafiri mzoefu anayetumia kiti cha magurudumu haziamini alama hizo peke yake. Huuliza kwanza meli itafunga gatini au itatia nanga mbali, kwa sababu katika bandari kama George Town, kisiwani Grand Cayman, meli kubwa hutia nanga nje na abiria hupelekwa pwani kwa mashua ndogo. Matembezi yaliyoandikwa "mepesi" huwa hayana maana kwa mtu asiyeweza kushuka kuingia katika mashua hiyo. Huuliza pia kama basi litakalowapokea lina jukwaa la kupandishia kiti, na kama kiti kitafungwa imara ndani ya gari. Iwapo matajiri waliolipia safari kwa dola wanalazimika kuuliza hivyo, sembuse sisi tunaokodi basi la shule!

Yapo basi maswali ambayo kila kamati ya ziara inapaswa kuyajibu kwa tarakimu, si kwa vivumishi. Kutoka mahali basi linapoegeshwa hadi langoni ni hatua ngapi, na ardhi ni ya lami, mawe, mchanga au matope? Ngazi ni ngapi, na kuna mahali pa kushika? Mlango una upana gani? Aghalabu mlango unaopungua sentimita 80 humtaabisha mwenye kiti cha magurudumu. Mteremko una ukali gani? Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kimo, mteremko uwe na urefu wa sentimita 12. Yaani kidato cha sentimita 15 kinahitaji mteremko wa sentimita 180. Msalani panaingilika na kiti kikageuka? Kuna kivuli na mahali pa kuketi? Na mwisho, ambalo kwa haki lingekuwa la kwanza: mwanafunzi mwenyewe asemaje?

Swali hilo la mwisho ndilo tunalolikwepa zaidi. Tumezoea kusema "tutambeba", tukidhani kwamba ukarimu wetu unatosha. Msichana wa miaka kumi na mitano habebwi kama gunia la mahindi mbele ya wenzake pasipo kuulizwa. Pengine yeye angependelea kukaa chini uani na kuandika maelezo huku wenzake wakipanda ngazi, au pengine angependelea kubebwa, lakini na nani, na kwa namna gani? Yeye ndiye bingwa wa mwili wake.

Sheria ya nchi inaliunga mkono jambo hili. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa kiasi cha kuridhisha katika mahali pote, katika vyombo vya usafiri wa umma na kwenye habari. Ibara hiyo hiyo inaanza na haki ya kuheshimiwa na ya kuitwa kwa namna isiyodhalilisha. Sisi watu wa lugha tumeijadili sana sehemu hii ya pili. Tumeonyesha kwamba maneno kama "kiwete" na "kipofu" yanawaweka binadamu katika umbo la ngeli ya vitu, na tumewahimiza watu waseme "mtu mwenye ulemavu". Ni kazi njema, nami nimeshiriki. Lakini lazima tukiri kwamba jina la yule msichana lilikatwa na watu waliomwita kwa jina la heshima kabisa. Katika kamati ile hapana aliyetumia tusi. Heshima ya ulimi isipofuatwa na kipimo cha mlango humwacha mtu pale pale alipokuwa.

Najua walimu watanijibu. Watasema kwamba fedha hazitoshi, kwamba wao ni wawili kwa wanafunzi sitini, na kwamba lolote likitokea lawama ni zao. Sibezi hata moja kati ya hayo. Mzazi wa Kibera au wa Kawangware anayetoa nauli ya ziara ameidunduliza, na si haki kumwongezea mzigo. Ila nawakumbusha kwamba kupiga simu hakuhitaji bajeti mpya, na kwamba hatuhitaji kwenda mbali ndipo tufundishe. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, iko karibu na Kibera kuliko mahali pengi tunapopataja. Humo, isipokuwa katika sehemu chache zilizoruhusiwa, wageni wote hubaki ndani ya gari. Simba hutazamwa na watu walioketi. Kazi iliyobaki ni ya mlango wa basi.

Huko ndiko tulikokwenda mwaka wa 2024. Safari hii msichana yule alikuwa mjumbe wa kamati, naye ndiye aliyeshika futi. Alipima mlango wa basi na kimo cha vidato vyake, akatuambia wazi kwamba kiti hakitapita na kwamba yeye atainuliwa na wenzake wawili aliowachagua mwenyewe, mmoja mgongoni na mmoja chini ya magoti, baada ya kuwafundisha siku mbili uwanjani. Kiti kilikunjwa kikawekwa nyuma. Kumpandisha kulichukua dakika nne. Nilizihesabu kwa saa yangu, nikakumbuka kwamba kwa kuogopa dakika kama hizo tulikuwa tumemnyima siku tatu.

Nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi wafanye jambo moja kabla ya ziara ijayo. Kabla ya kuchagua mahali, wateueni wanafunzi wawili au watatu, miongoni mwao awemo anayetembea kwa shida, nao waandike maelezo ya njia kuanzia lango la shule hadi mahali pa mwisho mtakapofika, kwa hatua, vidato na sentimita. Iwe ndiyo insha ya kwanza ya ziara. Ikisomwa mbele ya kamati, ndipo mchague. Na ikiwa kuna jina litakalokatwa baada ya hapo, aliyelikata aandike sababu yake kwa tarakimu, na mwenye jina aisome kwanza.