Shanta Mbili na Mfuko Mmoja

Wengi wenu mmeniuliza habari za safari niliyoifanya mwezi wa Julai 2025, mimi na rafiki yangu, katika upande wa magharibi wa nchi ya Kanada. Mnataka kujua habari za milima, za dubu, na za barafu isiyokwisha mwaka mzima. Nitawaeleza hayo. Walakini jambo kubwa nililojifunza huko si la dubu wala la barafu, bali ni la mfuko wa fedha; nami naona haya kidogo kulisimulia, maana kosa lilikuwa langu.

Rafiki yangu huyu tulikua pamoja na kula sahani moja. Sasa yapata miaka kumi anakaa Vancouver, mji mkubwa ulio karibu na bahari ya Pasifiki, na kazi yake ni kutunza wazee. Aliponialika aliandika hivi: "Ndugu yangu, njoo tutembee majuma mawili. Fedha za hoteli sina. Tutabeba shanta mgongoni, tutalala hemani na katika nyumba za wasafiri, tena tutapika wenyewe. Je, mbali na nauli ya ndege, unazo dola 1,000 za matumizi?" Nami nikamjibu, "Ninazo." Kwa kweli nilikuwa nazo 600 tu. Niliona aibu kumwambia, nikajisemea moyoni kwamba huko mbele nitajua la kufanya.

Mgeni asiye na motokaa yake hupata taabu katika nchi ile, kwa sababu ni pana mno. Zamani mabasi ya Greyhound yalifika katika miji mingi ya magharibi, lakini kampuni hiyo iliacha karibu njia zake zote za huko tarehe 31 Oktoba 2018. Siku hizi kampuni ndogo ndogo hushika njia zilizo kubwa, na vijiji vingi vya kando havina basi. Kwa hiyo wako watu wasimamao kando ya barabara na kuomba kuchukuliwa na motokaa za watu wasiowajua. Rafiki yangu alilikataa jambo hilo kabla hatujaanza safari. Akanieleza habari za Barabara ya 16, itokayo Prince George hata Prince Rupert, ambayo watu huiita Barabara ya Machozi. Huko wanawake na wasichana wengi, hasa wa makabila ya wenyeji, waliuawa au kupotea katika miaka mingi iliyopita, na baadhi yao walikuwa wakiomba kuchukuliwa njiani kwa kukosa usafiri. Akasema, "Chakula kizuri tutajinyima, lakini roho zetu hatutaziuza kwa ajili ya nauli."

Alinifundisha pia kwamba bei iandikwayo dukani siyo bei utakayolipa. Katika jimbo la British Columbia vitu vingi huongezwa kodi mbili, moja ya asilimia 5 na nyingine ya asilimia 7. Katika jimbo la Alberta iko ile ya asilimia 5 tu. Lakini vyakula vya kupika nyumbani, kama mchele, unga na maharagwe, havitozwi kodi hizo. Basi tukanunua posho yetu mjini Vancouver, maana madukani milimani vitu ni ghali.

Tukapanda basi asubuhi, tukasafiri mchana kutwa, kwa kuwa kutoka Vancouver hata Banff ni kilometa 850 hivi. Njiani tulipita Craigellachie, mahali palipopigiliwa msumari wa mwisho wa reli ya Canadian Pacific, tarehe 7 Novemba 1885. Watu wa China wapata 15,000 walifanya kazi ya reli ile katika British Columbia, wakapasua miamba kwa baruti, na mamia yao wakafa. Mwaka ule ule reli ilipokwisha, serikali ikaweka kodi ya dola 50 juu ya kila Mchina aliyetaka kuingia nchini. Hayo ndiyo malipo yao. Nilipoitazama reli ile ikikata mlima niliwakumbuka.

Banff ni mbuga ya kwanza ya taifa katika Kanada, nayo ilianza mwaka 1885 kwa kutengwa chemchemi za maji ya moto. Sisi tulikuwa na bahati, maana kuanzia tarehe 20 Juni hata 2 Septemba 2025 serikali iliwaruhusu watu wote kuingia katika mbuga za taifa bila ada. Tukapiga hema yetu, na rafiki yangu akanipa sheria za dubu kama mwalimu anayefundisha darasa.

Dubu wa huko ni wa namna mbili, dubu mweusi, na yule mkubwa aitwaye grizzly, mwenye nundu mabegani. Mtu asipike karibu na hema yake. Chakula, sufuria, hata sabuni na dawa ya meno, vyote huwekwa katika makabati ya chuma yaliyopo kambini, kwa sababu dubu hunusa mbali sana. Njiani mseme kwa sauti, ili asishtuke kuwaona ghafula. Mkimwona, kaeni mbali naye mita 100 au zaidi, wala msikimbie. Tena kila mtu achukue dawa ya pilipili ya kupuliza, aifunge kiunoni, asiifiche ndani ya shanta. Kopo moja bei yake ilikuwa dola 50 hivi. Nilipoisikia bei hiyo nikasema, "Tuiache, dubu hatatuona." Rafiki yangu akanitazama kwa mshangao, kisha akainunua kwa fedha yake mwenyewe.

Siku ile ile akaniuliza, "Je, koti la mvua unalo?" Nikajibu, "Limo shantani." Shantani mlikuwa na koti la pamba tu. Koti la mvua lilizidi uwezo wangu, nami nilijua kwamba nikikiri sina koti itanilazimu kukiri sina fedha. Basi uongo wa kwanza ukazaa wa pili.

Siku ya sita tulipata nafasi katika motokaa ya wasafiri wawili tuliolala nao nyumba moja, tukachangia petroli, tukaifuata barabara iitwayo Icefields Parkway. Barabara hii ina urefu wa kilometa 230 hivi, kutoka Lake Louise hata Jasper, nayo hupita katikati ya milima mirefu na maziwa yenye rangi ya samawati. Usiku mmoja tulilala katika nyumba ndogo ya wasafiri isiyo na maji ya mfereji. Maji ya kijito tuliyachemsha hata yakatokota dakika nzima, maana maji yale huonekana safi, lakini yaweza kuwa na vijidudu viletavyo ugonjwa wa tumbo.

Asubuhi yake tukapanda Parker Ridge. Njia yake ni fupi, haifiki kilometa 3 hata juu, na mwinuko wake ni mita 250 hivi. Jua lilikuwa likiwaka. Huko juu miti haioti, na ng'ambo ya pili utaona mto mkubwa wa barafu uitwao Saskatchewan Glacier umelala bondeni. Nilifurahi sana. Mara wingu likaja kutoka nyuma ya mlima, upepo ukavuma, ikanyesha mvua iliyochanganyika na theluji. Katika milima ile theluji yaweza kuanguka mwezi wo wote wa mwaka.

Koti langu la pamba likalowa maji upesi, na nguo ya pamba ikilowa huunyonya mwili joto lake. Kwanza nikatetemeka. Kisha vidole vikakataa kufunga kifungo, na ulimi ukawa mzito kama wa mlevi. Mwisho nikaona ni vyema niketi kidogo nipumzike. Rafiki yangu akaniita kwa jina langu mara mbili, nikamjibu maneno yasiyoeleweka. Hapo akatambua kwamba baridi imeniingia mwilini, na kwamba mtu wa hali hiyo akiachwa aketi, huenda asiinuke tena. Akanivua koti langu, akanivika fulana yake ya sufu na koti lake la mvua, naye akabaki na shati na kipande cha karatasi ya nailoni alichojifunika mabegani. Akanitia sukari kinywani, akanishika mkono, akanishusha hatua kwa hatua mpaka motokaani. Alipofika yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka.

Nilipokwisha kunywa chai ya moto na akili kunirudia, akaniuliza kwa upole, "Koti lako la mvua liko wapi?" Nikanyamaza. Kisha nikamwambia yote.

Akakasirika, wala simlaumu. Akasema, "Ungaliniambia dola 600, tungalifanya safari ya dola 600. Sikukasirikia umaskini wako, maana nimeujua tangu utoto wetu. Nakasirika kwa sababu nilikuongoza mlimani nikidhani nakujua, kumbe sikujua neno." Tukakaa kimya muda mrefu. Ndipo naye akainamisha kichwa, akasema, "Na mimi nikuambie langu. Katika zile dola 1,000 zangu, 300 nilikopa. Nyumbani mnadhani kila akaaye Kanada ni tajiri, nami niliona haya kukuonyesha kwamba sivyo."

Jioni ile tukatoa fedha zetu zote mezani. Yeye alibakiwa na dola 540, nami 190, jumla 730. Kwanza tukatenga dola 300 za nauli ya sisi wawili kurudi Vancouver. Zikabaki 430. Safari ilikuwa na siku nane mbele yake; tukaipunguza ikawa siku tano, yaani dola 86 kwa siku kwa watu wawili. Tukaacha kulala katika nyumba, tukarudia hema. Safari ya magari makubwa yapandayo juu ya barafu tukaiacha pia. Ajabu ni kwamba siku zile tano ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote.

Tuliutazama mto wa barafu wa Athabasca tukisimama chini, kwa sababu si salama kuukanyaga bila kiongozi. Una nyufa zilizofichwa na theluji. Vibao vyenye miaka vimewekwa njiani kuonyesha barafu ilipofika zamani. Tangu karne ya 19 imerudi nyuma zaidi ya kilometa moja na nusu. Mlima wa Snow Dome ulio jirani ni wa ajabu, maana maji yake hugawanyika, mengine huenda Pasifiki, mengine bahari ya Aktiki, na mengine hufika Atlantiki kwa njia ya Hudson Bay.

Tukafika Jasper. Mwezi wa Julai 2024 moto wa msituni uliushambulia mji huo, na karibu theluthi moja ya majengo yake ikateketea. Watu wapata 25,000, wenyeji na wageni, walikuwa wamekwisha kuondolewa tangu tarehe 22 mwezi ule. Tuliona viwanja vitupu, na kando yake mafundi wakijenga upya. Kisha tukapanda gari la moshi, katika viti vya kukaa tu, si vya kulala. Tuliuona mlima Robson, wenye urefu wa mita 3,954, ukipita wote katika milima ya Rockies ya Kanada, tukarudi Vancouver tukiwa na dola 11 na urafiki wetu mzima.

Basi, wasomaji wapenzi, ninyi mtakaosafiri na rafiki, iwe ni mbali kama Kanada au ni mji wa pili tu, sikieni neno langu. Kwanza, kabla ya safari, kila mmoja aseme fedha aliyo nayo kweli, na safari ipimwe kwa mfuko wa aliye na kidogo. Pili, nauli ya kurudi itengwe kwanza, wala isiguswe. Tatu, jinyimeni kitanda laini na chakula cha mkahawani, lakini msijinyime kitu kilindacho uhai, kama nguo ya mvua, maji yaliyochemshwa, na dawa ya dubu mahali penye dubu. Nne, kila jioni hesabuni pamoja, ili manung'uniko yasipate mahali pa kulala kati yenu.

Nanyi wazazi na waalimu, watoto wetu huona aibu upesi kuliko sisi. Mtoto asiye na kalamu husema ameisahau nyumbani. Tusimcheke asemaye "sina", maana tukimcheka leo, kesho atasema "ninazo". Wazee wetu walinena, mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi kilinichungulia tu pale Parker Ridge, kikapita. Koti la mvua nimelinunua sasa, nalo hunikumbusha kila linyeshapo.

Kwaherini hata mwezi ujao.