Hiyo Sakitu Unaposti Ni Hasara ya Mtu

Wasee, tuambiane ukweli. Juni hadi Agosti, kurasa zetu hujaa picha za Kinangop na Limuru: ukungu umelala bondeni, nyasi nyeupe pe, halafu mtu anaandika "winter ya Kenya." Mimi pia nimo. Niliacha chuo mwaka wa pili na kamera ndiyo inanilipia nyumba, kwa hivyo simhukumu mtu hapa.

Julai mwaka jana nilifika South Kinangop kabla jua litoke. Kule ni zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku ukikosa mawingu na upepo, ardhi inapoteza joto haraka, na hewa baridi, kwa sababu ni nzito, inateremka kutulia mabondeni. Hapo ndipo sakitu inashika, ile barafu nyembamba juu ya majani. Lazima ukimbie, maana jua likipanda tu imeyeyuka. Nikaongeza mwangaza kidogo ndio weupe usitoke kijivu, betri ya pili nimeificha mfukoni baridi isiimalize. Picha zikatoka noma.

Mama mwenye shamba akaja, nikamwonyesha. Akatabasamu. "Ni mzuri, kijana yangu. Sasa rudi saa saba upige tena."

Nilidhani ni mzaha. Kurudi, majani ya viazi yalikuwa yamelala, meusi, kama yamemwagiwa maji moto. Maji yakiganda ndani ya jani yanaharibu seli zake, na jua likilipata, limekwisha. Mbegu na mbolea mama alikuwa amechukua kwa mkopo.

Nilipiga hiyo picha pia. Lakini ya asubuhi ndiyo niliposti, ikapata laiki kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Ya saa saba niliificha. Niliona itaharibu mpangilio wa ukurasa wangu. Hiyo ndiyo inanisumbua mpaka leo.

Najua mtaniambia mpiga picha hakuleta baridi. Kweli kabisa. Lakini tukionyesha nusu saa ya urembo pekee, msee wa Nairobi anajua Kinangop ni mahali pa kuvaa koti na kupiga pozi. Viazi vikipanda bei, anamlaumu muuza chipsi.

Sisemi tuache kupiga. Nasema hivi: omba ruhusa kwa mwenye shamba. Simama njiani, usikanyage mimea yake. Andika sakitu ni sakitu, si "winter." Na kama una nguvu ya kuamka saa kumi usiku kutafuta picha ya kwanza, basi subiri mpaka saa saba mchana upate ya pili.

Jana nilimpigia yule mama nikamuuliza kama naweza kuonyesha shamba lake. Alicheka, akasema nimechelewa mwaka mzima, lakini sawa.

Kwa hivyo leo nimeweka zote mbili. Usiishie kwa ya kwanza.