Masomo ya juu kwa intaneti: kabla ya kulipa, waseme ni wangapi wanaomaliza

Mwalimu wa Butembo, muuguzi wa kituo cha afya huko Uvira, mfanyakazi wa shirika huko Bunia. Usiku, watoto wakisha kulala, anafungua simu na tangazo linatokea: masta ndani ya miezi 18, bila kuacha kazi, bila kupanda ndege. Kuna picha ya mtu aliyevaa kanzu na kofia ya diploma, anacheka. Feza za kujiandikisha zimeandikwa kwa herufi kubwa. Hesabu moja haionekani: kati ya watu 100 waliolipa mwaka mmoja, ni wangapi waliopata hiyo diploma?

Hakuna anayepinga masomo ya mbali. Kwa mtu mzima wa mashariki mwa Kongo, mara nyingi ndiyo njia pekee iliyobaki. Barabara ni mbaya, vita imefunga njia nyingi, na tangu Januari 2025 banki za Goma zilifunga milango. Nani ataacha bibi, bwana na watoto aende kukaa miaka miwili Kinshasa? Lakini mtu asiye na njia ingine ni rahisi kumuuzia kitu chochote. Kijana wa miaka 19 akishindwa, anarudilia mwaka na wazazi wananung'unika. Mtu wa miaka 40 akishindwa, minerivali ya watoto wake ndiyo imekwenda, na hakuna hata ofisi ya kuendea kugonga mlango.

Biashara hii imekomaa zaidi Marekani, na huko ndiko mahakama zimeifungua vitabu vyake. Jambo hilo si la mbali na sisi. Kwa miaka hii kumi iliyopita, Wakongomani wamekuwa kati ya wakimbizi wengi zaidi waliopokelewa katika inchi hiyo. Mtu anayefanya kazi ya mikono mchana na kutafuta diploma kwa simu usiku ndiye mteja ambaye matangazo hayo yanamtafuta.

Tuchukue mfano wa Walden, chuo kikuu kinachofundisha kwa intaneti. Mwaka 2022, wanafunzi wa udaktari wa biashara walikishitaki. Walisema kwamba waliambiwa teze itamalizika kwa idadi fulani ya masomo, kisha kazi yao ikawa inarudishwa tena na tena, na kila muhula ukaongeza deni. Walisema pia kwamba wanawake na watu weusi ndio waliolengwa na matangazo. Mwaka 2024 chuo hicho kilikubali kulipa dola milioni 28,5, bila kukubali kosa. Kilichozidi feza hizo ni ahadi moja: kutangaza kwenye tovuti yake muda na bei ambavyo mwanafunzi wa kawaida anatumia kweli hadi kumaliza. Kuandika namba mbili tu! Na ilihitaji kesi ya miaka miwili.

Kuna wengine. Desemba 2019, University of Phoenix ilikubali mapatano ya dola milioni 191 na tume ya biashara ya Marekani, nayo pia bila kukubali kosa. Matangazo yake yalikuwa yanaonyesha majina ya makampuni makubwa kana kwamba kazi zinawangojea wanafunzi. Mwaka 2022, mjaji wa California aliitoza Ashford na kampuni yake faini ya zaidi ya dola milioni 22. Watu waliokuwa wakipiga simu kwa ajili ya chuo hicho waliwadanganya wanafunzi juu ya bei na juu ya kazi: kuna walioahidiwa kwamba watakuwa walimu au wauguzi, kumbe diploma yenyewe haikuwafikisha huko.

Sheria ya kutangaza matokeo ilikuwako tangu 1990. Inaagiza vyuo vya Marekani viseme wanafunzi wangapi wanamaliza. Ila hesabu hiyo ilikuwa ya wale wanaoingia chuo kikuu kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote. Mama aliyeacha masomo zamani na kurudi akiwa na miaka 38, akisoma kidogo kidogo, hakuhesabiwa. Ni mwaka 2017 tu takwimu za watu kama yeye zilianza kutolewa. Kwa hiyo chuo kilichojaa watu wazima kiliweza kuonyesha asilimia iliyotokana na vijana wachache, bila kusema uongo hata kidogo.

Hata vyuo vyenye jina kubwa vingeona haya. Watafiti wa MIT walihesabu masomo ya wazi ya MIT na Harvard ya mwaka wa 2017-2018: kati ya watu 100 waliojiandikisha, walimaliza kama 3. Wengi walikuja kuchungulia tu, ni kweli, kwani kuingia ni bure. Lakini hata kati ya waliolipia cheti, waliomaliza hawakufika nusu.

Na kwetu? Wizara ya masomo ya juu, Kinshasa, ndiyo inayotoa ekivalansi ya diploma za kigeni. Ina uwezo, basi, wa kuweka sharti: chuo kinachowaandikisha Wakongomani kwa intaneti kitoe kila mwaka idadi ya walioingia, waliomaliza, muda waliotumia, jumla ya feza hadi siku ya diploma, na kama diploma hiyo inatambuliwa hapa. Vyuo vya kwetu vinavyoanza kufundisha kwa WhatsApp na Zoom vipashwe vilevile. Haina maana kumuuliza mgeni kile ambacho mwenyeji hajibu. Watu wazima wahesabiwe, na walioacha njiani wahesabiwe pia, hata kama chuo kinasema waliacha kwa sababu ya umeme au megabaiti. Mara nyingi itakuwa kweli, na anayefuata anapashwa kujua hilo pia.

Sharti hilo halijakuwako. Mwalimu wa Butembo anaweza leo kumwandikia wakala wa chuo, kabla ya kutuma dola ya kwanza: walioanza pamoja miaka mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na leo wenye diploma ni wangapi? Jibu alilinde kwenye simu, pamoja na tarehe. Kama wakala anamjibu kwa kumpunguzia bei, asitume kitu.