Skrubu ya Nne

Hapa Subukia kila mtu ana kesi na fundi. Ati ukimpelekea redio na shida moja, inarudi na tatu. Ati amepasua kifuniko, ameacha mikwaruzo, na skrubu mbili hazionekani. Nimeisikia hii kesi kwa matatu, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa, na kila mara mshtakiwa ni yule yule. Mimi nasema tumemkamata mtu siye.

Hebu geuza blenda yako uangalie chini. Utaona matundu matatu membamba kama penseli. Skrubu ziko huko ndani, sentimita nane hivi, gizani. Ya nne huioni kwa sababu imefichwa chini ya mguu wa raba au nyuma ya stika. Sasa mpe fundi ile bisibisi ya kawaida, fupi na nene. Haiingii. Anachukua kisu, anabandua pale vipande viwili vinapokutana, plastiki inalia kra! Na wewe unaanza kelele.

Dawa ni bisibisi ndefu nyembamba: chuma cha sentimita 20 hivi, unene wa milimita 4 au 5. Lakini urefu peke yake haufanyi kazi. Ncha lazima ilingane na skrubu, kwa sababu staa ndogo kwenye kichwa kikubwa huteleza na kukila kichwa, na skrubu iliyolika chini ya shimo ni msiba kamili. Chuma chembamba pia hujipinda ukikilazimisha, kwa hivyo unakandamiza kwanza, halafu unazungusha polepole. Na ncha iwe na sumaku, la sivyo kurudisha skrubu mahali pake ni kamari. Asiye na hiyo bisibisi ananoa spoku ya baiskeli. Nimeona ikifanya kazi, ila ncha yake haidumu.

Kuna watakaosema skrubu imezikwa kwa usalama. Sawa, hapo nawapa nusu alama. Chuma kikizama ndani ya plastiki, kidole cha mtoto hakikifikii hata waya wa ndani ukilegea. Lakini stika je? Stika haizuii stima. Na vile vichwa vya ajabu? Mwaka 2009 Apple walianza kuweka skrubu za petali tano kwenye MacBook Pro, baadaye kwenye iPhone 4, wakati dunia ilikuwa na staa ya Phillips tangu miaka ya 1930. Nani alikuwa analindwa hapo? Si kidole chako.

Kenya tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022. Inamtaka mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata mteja akishamaliza kuitumia. Poa sana. Ila blenda ya jirani yangu, mama anayeuza juisi, haikuwa taka. Kaboni za mota ndizo zilikuwa zimeisha, vitu viwili vidogo kuliko kifutio. Ilitupwa kwa sababu haikufunguka. Sasa analipia nyingine kidogo kidogo, na juisi imepanda bei.

Serikali nayo inasema inapenda jua kali. Imesema hivyo tangu 1985, Moi alipoenda Kamukunji akaahidi mafundi vibanda. Mwaka 2012 ikaja sheria ya biashara ndogo ndogo. Vibanda, sheria, semina, tisheti. Mi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo hesabu zangu ni za mtaani: pesa ya chai na samosa za semina moja inaweza kununulia mafundi wa hapa sokoni bisibisi ndefu, staa na flati, na chenji ibaki.

Na KEBS, ambao tayari wanakagua vitu vinavyoingia nchini, waongeze swali moja kwenye fomu: hiki kinafunguliwa na nini? Kama jibu ni chombo ambacho hakiuzwi Nakuru mjini, kirudi kilikotoka.

Semina ijayo ikiitwa, nitaenda. Nitaketi mbele kabisa, niweke blenda mezani na bisibisi fupi kando yake, na wageni wa heshima watafute skrubu ya nne.