Matairi Mapana, Rimu Zilezile

Mpenzi msomaji, umewahi kumwona mwanaume anavyolitazama gari lake likishavaa viatu vipya? Mimi nimemwona. Jumamosi moja ya Desemba, pale nyumbani Isyesye, Mbeya, mume wangu aliegesha kigari chetu, akarudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono. "Mama, unalionaje?" Matairi manne mapya, mapana, yamejaa mpaka kwenye madigadi. Rimu ni zilezile zilizokuja na gari.

Nikauliza bei. Akaanza kunielezea tope la mtaani kwetu mvua zikinyesha. Si unajua tena, ukiuliza bei ukajibiwa hali ya hewa, kuna jambo! Hela ilitoka kwenye bahasha ya ada ya mtoto, ambayo tulikubaliana haiguswi mpaka tukae wote wawili. Nikanuna. Kesho yake tulikuwa na safari ya Iringa, sendofu ya mdogo wangu, tukaondoka kila mtu na lake moyoni.

Tulikuwa watu wazima wanne, mtoto na mizigo. Kila tukiingia kwenye shimo, nyuma kunalia "kwaruuu". Kabla ya Makambako trafiki akatusimamisha. Mume wangu anaapa alikuwa 50 kamili, tochi inasema 54. Faini shilingi 30,000. Nikanyamaza, maana nawajua wanaume na mwendo. Kumbe safari hii mwenzangu alikuwa mkweli!

Mafinga, tukikata kona kuingia kujaza mafuta, gurudumu la mbele likakwaruza kwa nguvu na usukani ukagoma kidogo. Hapo sote tukanyamaza. Tukatafuta fundi wa matairi. "Kamwene!" akatusalimia, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye tairi. Limechubuka kama goti la mtoto. "Shemeji, njoo na wewe uone. Gari ni la wote."

Akatusomesha namba. Matairi yetu ya zamani ni 185/65 R14. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu, yaani asilimia ya huo upana. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 65 ya 185 ni ubavu wa milimita 120. Mapya ni 205/70 R14, ubavu karibu milimita 144. Yote yanaingia rimu ya 14, ndiyo maana muuzaji hakusita. Lakini gurudumu zima limeongezeka kipenyo kwa karibu milimita 47, juu na chini pamoja. Kila likizunguka mara moja linakwenda mbali zaidi, na spidomita haina habari. Ukisoma 50, unakwenda karibu 54. Haya, ile tochi!

"Mkitaka upana," akasema, "shusheni namba ya pili. 205/60 inapishana na ya zamani milimita tano na nusu tu." Kisha akatuonyesha maandishi kwenye rimu: 5½J, upana wake kwa inchi. Kwa tairi hilo ndicho kiwango cha chini kabisa. Ukipita hapo, rimu inabana tairi miguuni, ubavu unavimba kama mtu aliyefunga mkanda wa mtoto, na kwenye kona gari linayumba. Na tope je? Tairi pana linaelea juu ya maji upesi kuliko jembamba. Cha kuangalia kwanza ni kashata, lisiwe kipara.

Wageni wetu wawili wakapanda basi na mizigo. Sisi tukaenda taratibu. Kabla ya kufika Ipogolo mume wangu akasema, "Nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukwambia." Nikataka kumjibu, nikakumbuka kitenge cha sare kilichomo begini mwangu. Nacho kilitoka bahasha ileile. Jamani! Nikamwambia. Akanitazama, akacheka mpaka akapunguza mwendo. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mtoto alikuwa amelala nyuma, na Januari ilikuwa inakuja.

Matairi yale tuliyauza kwa hasara, ya zamani yakarudi kazini, na ada tukailipa kwa awamu mbili. Siku hizi bahasha inafunguliwa na watu wawili.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kabla ya kubadilisha, soma stika kwenye mlango wa dereva ujue saizi na upepo wa gari lako. Mafundi wengi hawapendi kipenyo kizima kipishane na cha awali zaidi ya asilimia 3. Letu lilizidi karibu 8! Ukishafunga, pakia watu, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, sikiliza. Na bei? Mwambie mwenzako kabla hujalipa. Akikataa, angalau mtakuwa mmekataliana nyumbani, sio Mafinga barabarani.

Tukutane mwezi ujao!