Uzito Mtupu Upimwe kwa Mizani



Mhandisi anayepanga ndege mpya ya pangaboi, ya kubeba abiria safari fupi, hana kitu cha kuweka juu ya mizani. Ndege bado ni karatasi. Kwa hiyo huanza na zile zilizokwisha kuundwa. ATR 72-600 huruka na uzito usiozidi kilo 23,000. Ikiwa tupu, bila abiria, mizigo wala mafuta, ina kama kilo 13,500. Hiyo ni kama 59 katika kila 100. Basi ndege inayopangwa kuruka na kilo 20,000 hukadiriwa kilo 11,800 ikiwa tupu.

Akikadiria pungufu kwa kilo 500, abiria kama 5 na mizigo yao watabaki chini, au mafuta yatapunguzwa. Ndiyo sababu ndege ikimalizika hupandishwa kwenye mizani, na baada ya miaka kadhaa hupimwa tena. Kadirio haligeuki kuwa sheria.

Sisi wachuma chai tunaujua uzito mtupu: ni kikapu na gunia. Katika mashamba mengine karani hukata kilo kwa kila mzigo kwa kukisia tu, na gunia lenyewe halipimwi. Kilo iliyokatwa bure ni jasho lililopotea.

Tudai katika mkataba wa hali bora: gunia tupu lipimwe mbele ya mchumaji na mjumbe wa chama. Ndege nzima hupimwa; gunia litashindikanaje?