Huhitaji Kuwa Bwanyenye Ndio Ule Bila Ngano

Ingia supamaketi yoyote kubwa hapa Nairobi, utembee hadi mwisho kabisa, kule karibu na chakula cha paka. Utapata rafu moja ndogo yenye pakiti zilizoandikwa kwamba hazina gluteni. Mkate mdogo, mkavu kama kifutio, bei yake mara tano ya mkate wa kawaida au zaidi. Tambi ambazo pesa zake zingekununulia mchele wa kukutoa wiki mbili. Biskuti hata usiulize. Mimi huiita rafu kwa maana zote mbili, ile ya kuwekea bidhaa na ile ya mpira.

Kuna vijana wanasimama hapo, wanapiga hesabu, wanarudisha pakiti na kwenda nyumbani wakiamini kwamba ugonjwa wao ni wa matajiri. Halafu wanarudi kwa chapo. Hao ndio ninaowaandikia leo, kwa sababu wamedanganywa na rafu.

Mimi sili hivi kwa fasheni. Nina ugonjwa wa siliaki. Nikila ngano, shayiri au rai, kinga ya mwili wangu inageuka na kuushambulia utumbo wangu mwembamba. Tumbo linafura, damu inapungua, unachoka hadi unashindwa kupanda ngazi. Hakuna tembe ya kumeza. Dawa ni kuacha hivyo vitu kabisa, maisha yote. Sasa weka hiyo kwa mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kwa kukosa karo, anayeishi chumba kimoja Zimmerman na kulipwa kwa makala, tena mteja akikumbuka. Kama kula bila gluteni kungehitaji ile rafu, ningekuwa nimeshakonda nikaisha.

Msimamo wangu ni huu: chakula cha bei nafuu zaidi kwa mtu wa siliaki katika nchi hii ni kile nyanya zetu walikuwa wanakula kabla ngano haijawa kitu cha kila siku. Kinachotufilisi ni kujaribu kununua picha ya mkate.

Hebu angalia. Ugali wa mahindi hauna gluteni. Wimbi na mtama hazina. Mchele, muhogo, nduma, viazi vitamu, ndizi za kupika, waru, githeri, mukimo, ndengu, njahi, maharagwe, omena, mayai, sukuma, managu, terere. Hata mama mboga wa mlangoni kwako hajui kwamba meza yake nzima ni ile rafu ya supamaketi, tofauti ni kwamba haina pakiti. Ngano yenyewe ni mgeni kidogo hapa. Kenya huagiza sehemu kubwa ya ngano yake kutoka nje, ndiyo maana vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 tulivisikia kwa bei ya mkate na chapati.

Wiki iliyopita soko langu lilikuwa hivi: unga wa mahindi kilo 2, mchele wa vipande kilo moja, ndengu kilo moja, nduma mbili, viazi vitamu vya 100, mayai sita, mboga za kienyeji na sukuma za 100, nyanya na vitunguu vya 100, omena ya 100. Yote pamoja 1,100 na ushee. Mikate miwili na pakiti ya tambi kutoka ile rafu zingemeza hizo pesa zote, na bado ungehitaji kitu cha kulia huo mkate.

Nafaka nzima mimi hununua mara moja kwa mwezi Nyamakima, ambako wafanyabiashara wa nafaka wamejaa. Ukienda peke yako nauli inakula faida. Nendeni watatu wa ploti moja, mnunue kwa gorogoro nyingi kisha mgawane. Mchele wa vipande ni siri ambayo watu wanaudharau bure. Pishori ya Mwea inanukia vizuri, sikatai, lakini kama mchele unaenda kulowekwa na kusagwa, harufu ya nini?

Kusagwa kwa ajili gani? Kwa sababu ya hamu ya mkate. Hii hamu ni ya kweli, usiidharau, na inashinda watu wengi saa nne asubuhi chai ikiwa imeiva. Hapa watu wa bara tunafaa kujifunza kutoka Pwani. Kule kuna mkate wa sinia, wengine wanauita mkate wa kumimina: mchele unalowekwa usiku kucha, unasagwa na tui la nazi, unawekwa sukari, hamira na iliki, unaachwa uumuke, unaokwa. Hakuna ngano. Vitumbua pia asili yake ni mchele, ingawa siku hizi wapo wanaochanganya na unga wa ngano, kwa hivyo uliza kabla hujatia mdomoni. Watu wamekuwa wakioka bila gluteni miaka na mikaka kabla mtu yeyote kuligeuza neno hilo kuwa biashara. Nina blenda nzee na sufuria yenye mfuniko mzito, na hiyo inatosha. Oveni sina.

Chapati nayo? Ponda viazi vitamu vilivyochemshwa vikiwa bado moto, ongeza unga wa muhogo na chumvi, kanda, sukuma polepole. Haitafanana na ya mathe. Lakini inakunjika bila kukatika, na kwa madondo inafanya kazi yake.

Hadi hapo ni raha. Ugumu unaanzia mahali ambapo wengi hawaangalii: mashine ya kusaga posho. Mahindi yako ni safi, wimbi lako ni safi, lakini aliyekutangulia kwenye foleni alikuwa anasaga unga wa uji wa mtoto, na huo uji una mahindi, wimbi, soya, karanga na ngano. Mashine haioshwi. Unga wake uliobaki ndani unatoka na wako. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinasema chakula kisichozidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo ndicho kinaweza kuitwa hakina gluteni. Miligramu 20! Hiyo ni vumbi. Kwa mwenye siliaki, vumbi la kinu linaweza kumfanya augue wiki nzima huku akila ugali wa wimbi na kujiuliza amekosea wapi.

Kwa hivyo wimbi nanunua zima, nachambua punje moja moja kwa sababu ngano hujificha humo, naosha, naanika juu ya ploti, nasaga kwa blenda. Inachosha. Mahindi nayo nimeacha kabisa kupeleka posho. Nanunua unga wa pakiti kutoka kampuni inayosaga mahindi pekee, na nasoma lebo kila mara, kwa sababu kuna unga wa mchanganyiko unaokaa rafu moja na ule wa kawaida. Ndiyo, ni ghali kuliko kusagiwa. Lakini unga wa pakiti kisheria lazima uongezwe madini ya chuma na vitamini, tangu 2012, na sisi watu wa siliaki damu yetu mara nyingi iko chini. Hapo sioni haja ya kubana senti.

Jambo jingine la mahindi. Ukiacha ngano utajikuta unayategemea kuliko jirani yako, basi sumu ya kuvu inakuhusu kuliko jirani yako. Novemba 2019 shirika la kukagua ubora, KEBS, lilipiga marufuku kwa muda aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Usile ugali asubuhi na jioni siku saba. Changanya na nduma, mchele, ndizi. Mahindi yenye ukungu usiyaokoe kwa kuyaosha. Tupa.

Kula nje ndiko kunakomaliza pesa na afya kwa pamoja. Chipsi ni waru tu, sawa, lakini mafuta hayohayo yamekaanga samosa, mandazi na samaki aliyepakwa unga. Smoki na soseji nyingi zina ngano ndani. Mchuzi wa kibandani unaweza kuwa umekolezwa kwa unga. Sosi ya soya kwa kawaida hutengenezwa na ngano. Bia ni shayiri, ingawa muratina ya asali na miatine haina shida hiyo, na hapo nimesema kama mwandishi, sijamtuma mtu. Chakula salama kibandani ni githeri, mayai ya kuchemsha yaliyo na maganda yake, nduma, ndizi mbivu na parachichi. Mimi hubeba chakula changu kwa mkebe. Wachana na wanaocheka, wao ndio hutumia 300 kwa siku mchana.

Halafu kuna familia. Ukikataa chapati Krismasi, watu wanasikia umemkataa mpishi. "Onja tu kidogo, kidogo haiui." Shangazi zangu wameniambia hivyo huku wananipenda kwa dhati. Nimegundua maelezo ya utumbo hayasaidii. Kinachosaidia ni kufika mapema na sinia yangu ya mkate wa mchele, niwawekee wote mezani, na ikiisha kabla ya chapati mjadala umekufa. Sufuria, mwiko na ungo wangu ni vya kwangu pekee, vimefungwa uzi mwekundu. Kama unaishi na watu, hivyo vitatu ndivyo vya kununua kwanza, kabla ya unga wowote wa ajabu. Mwiko wa mbao uliosonga unga wa ngano hauoshiki ukaisha.

Sasa nigeukie wale wa mitandao wanaosema gluteni ni sumu kwa kila mtu. Ndugu zangu, kama huna shida, kula chapo yako kwa amani na uache kutuharibia jina. Wakisikia neno hilo, wenye mikahawa wanafikiri ni mambo ya kupunguza kiuno, wanatuwekea chochote. Na kuna hatari mbaya zaidi. Ukiacha ngano kabla ya kupimwa, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha huna siliaki kumbe unayo, kwa sababu kinatafuta askari ambao mwili hutengeneza gluteni ikiwepo. Ukihisi dalili, pimwa kwanza ukiwa bado unakula kawaida, na daktari akisema kamera iingie tumboni ichukue kipande cha utumbo, usikimbie. Si bei rahisi. Lakini pesa unazookoa kwa kuikwepa ile rafu ndizo za kuweka kwa hicho kipimo, kidogo kidogo, hata kama ni kupitia chama.

Nawaomba kitu kimoja wenye mashine za kusaga. Wateja wenu wengine wanaugua na hawajui ni nini. Wapo watoto wasioongeza kilo, ambao mama zao wanawaongezea uji huohuo wenye ngano wakidhani wanawasaidia. Sisemi mnunue mashine ya pili, najua bei yake. Tengeni siku. Jumatatu asubuhi, baada ya kuifungua mashine na kuisafisha kabisa, sageni nafaka zisizo ngano, na uji wa mchanganyiko uanze Jumatano. Andikeni kwa chaki mlangoni. Nilimwambia mwenye mashine mmoja mtaani kwetu, akanicheka, akaniuliza ni watu wangapi wenye hiyo shida yangu. Nikamwambia sijui, lakini niko tayari kulipa shilingi kumi zaidi kwa gorogoro. Alinyamaza kidogo. Akauliza ni Jumatatu saa ngapi.